Mbuzi wa Nne Alibaki Makina

Jumatatu, 9 Februari

Nimefika Nairobi saa saba mchana. Nimepokewa na Mwanzia, mwana wa marehemu kaka yangu, seremala, mkazi wa Makina huku Kibera kwa miaka ishirini na sita. Nimepewa kitanda chake. Yeye atalala kwenye kochi ambalo mteja hajalijia. Nimeleta gunia la ndengu, daftari hili, na mapapai kumi na mawili. Tisa yamefika yakiwa bado mapapai.

Nieleze kwa nini niko hapa, kwa faida ya wajukuu watakaosoma. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Nimelima ndengu na mapapai miaka tisa. Sasa nataka kuwa mwakilishi wa wadi yetu ya Kyalikini, huko Kitui, katika uchaguzi wa mwakani. Mara ya kwanza nilipogombea nilipata kura kumi na saba. Familia yangu peke yake ina wapiga kura ishirini na mmoja. Sijauliza.

Utafiti wangu umeonyesha kwamba kosa lilikuwa la kijiografia. Kura za Kyalikini haziko Kyalikini. Ziko Kibera na Kawangware. Watu wetu wanaishi huku na kufanya kazi huku, lakini wameandikishwa nyumbani, na siku ya kura hujaza mabasi wakarudi. Mabasi hayo hupangwa na Chama cha Watu wa Kyalikini. Chama kikisema mpigieni fulani, fulani amepita. Jumapili ya tarehe 22 chama kitachagua mtu mmoja wa kuungwa mkono. Mmoja tu.

Waombaji ni wawili. Mimi, na Ndululu, mwenye bucha Kawangware. Ndululu ana meno mengi na hoja chache.

Nduku, mke wangu, alinisindikiza hadi kwenye basi. Aliuliza ndengu zilizobaki shambani zitapurwa na nani. Nikamweleza kwamba kiongozi hutazama mbali. Akasema sawa, nikimaliza kutazama mbali nirudi, fimbo ya kupuria iko nyuma ya mlango.

Jumanne, 10 Februari

Siku njema sana. Nimemwondoa Ndululu kabla ya chakula cha mchana.

Kamati ya chama hukutana Kawangware, kwenye kibanda cha mwenyekiti. Mwenyekiti ni Kathini, mjane wa miaka hamsini na kitu, anayeuza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Ameongoza chama miaka kumi na mmoja. Mtu wetu akifia Nairobi, Kathini ndiye hutafuta gari la kumpeleka nyumbani, na yeye mwenyewe hupanda. Husikiliza watu huku akikoroga sufuria, kwa hiyo huwezi kujua kama anasikiliza.

Sasa, hesabu yangu. Kathini na Ndululu ni wa ukoo mmoja. Kwetu Wakamba, watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kukopeshana kiberiti. Katiba ya chama ilikuwa na vifungu kumi na vitatu, vyote vya misiba. Nikapendekeza cha kumi na nne: jamaa ya mwenyekiti, wa ukoo au wa ndoa, asiungwe mkono na chama kugombea cheo chochote. Maneno "au wa ndoa" niliyaongeza ili kifungu kipendeze. Kifungu chenye kitu kimoja huonekana kama kimetoka nje bila shati.

Ndululu alilalamika. Akasema ukoo wao ni nusu ya Kitui, hata dereva wa basi lililonileta ni ndugu ya Kathini, na sheria hii ameiona jina lake likiwa juu yake kama bahasha. Nikamweleza kwa utulivu maana ya utawala bora. Nilichukua dakika arobaini. Kamati ikapitisha, nadhani ili niketi.

Kabla ya kuandika, Kathini aliweka mwiko chini akaniuliza kama nina hakika nakitaka kifungu hicho, chote, jinsi kilivyo. Nikamwambia sitaki kipunguzwe hata neno. Akaandika.

Alhamisi, 12 Februari

Mambo si mepesi kama nilivyodhani. Mwanzia ameniambia kwamba huko Kawangware naitwa Mwalimu wa Karatasi. Ndululu anawapa watu supu ya mifupa bure pale bucha, na kwenye kila bakuli anawaambia mimi nimeshinda kwa kalamu na sijamnunulia mtu hata chai. Anataka wanachama wote wakifute kifungu changu tarehe 22. Mwanzia akasema, "Anko, hawa watu hawali katiba."

Nikawaza saa nzima. Jibu ni nyama.

Nimempigia Nduku atume mbuzi wanne kwa lori la maembe. Wanne, kwa makusudi. Hapa naomba wajukuu wasome polepole. Mwanamume wa Kikamba akipeleka kwa mwanamke mbuzi watatu, majike wawili na dume mmoja, akiwa na mashahidi, na dume yule akachinjwa na kuliwa, hiyo inaitwa ntheo. Hata kama hakuna pete wala padri, watu watahesabu kwamba ameoa. Mtu asiye na elimu angeweza kumpelekea mjane mbuzi watatu kwa bahati mbaya. Mimi nimesoma. Nimeagiza wanne.

Nduku aliuliza mbuzi ni wa nani. Nikasema ni wa wazee wa chama. Aliuliza kama mwenyekiti wa hao wazee si yule Kathini aliyefiwa na mume. Nikamweleza kwamba siasa ni uwanja mpana. Akasema atatuma wale anaoweza kuwakosa, nisianze kuchagua.

Ijumaa, 13 Februari

Mbuzi wamefika na afya njema. Majike wawili, beberu mmoja mwekundu, na maksai mmoja, dume aliyehasiwa, mnene sana. Wanne. Nimehesabu mara mbili, kila mara kutoka upande wake.

Makina hakuna mahali pa kufuga mbuzi. Jirani ya Mwanzia, Murunga, fundi cherehani kutoka Magharibi, mtu mpole, amekubali wafungwe nyuma ya nyumba yake. Mkewe Sella amepanda sukuma wiki huko, ndani ya magunia yaliyojazwa udongo, kama wafanyavyo wengi Kibera wasio na shamba. Nimemsifu Sella kwa kilimo chake. Nimemweleza faida za samadi. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno.

Hotuba ya kesho, kwenye karamu ya mbuzi huko Kawangware, iko tayari. Ina aya kumi na tisa. Ya kwanza inaeleza kwa nini mbuzi ni wanne.

Jumamosi, 14 Februari

Siku kubwa. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi. Sukuma ya Sella haipo. Magunia yapo, vishina vipo, na mbuzi wanne wanacheua wakitazama kando. Sella aliwatazama, akanitazama, akamfungua maksai yule mnene, akamwingiza jikoni na kufunga mlango. Akasema, "Hii mbuzi moja inabaki hapa mpaka sukuma imee tena." Nikamweleza kwamba mbuzi hana hatia, kwani tumbo lake lina vyumba vinne na kila chumba kina mahitaji yake. Akasema vyumba ni vya mbuzi na sukuma ni yake.

Nilitaka kumpa mapapai. Akasema ameyaona.

Saa zilikuwa zinakwenda. Watu sitini walikuwa wananingoja Kawangware. Mwanzia aliniambia, "Anko, hebu hesabu hizi mbuzi kwanza." Nikamjibu kwamba hesabu ninayo, na kwamba wa nne nitamweleza kwenye hotuba, aya ya kwanza. Tukaondoka. Mimi mbele kwa suti, Mwanzia na Murunga nyuma na kamba.

Njiani. Leo dunia nzima imevaa nyekundu. Ni siku ya wapendanao, jambo la vijana. Dagoretti Corner mwenye maua alinisumbua hadi nikanunua waridi moja. Sikuwa na mahali pa kuliweka. Nikalifunga kwenye pembe ya beberu. Likampendeza.

Mapokezi. Sijawahi kupokewa hivi tangu nizaliwe. Kulikuwa na kelele hadi walipotuona. Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wote wakafuata. Kathini alitoka kibandani na mwiko mkononi, akawatazama mbuzi, akalitazama waridi, akanitazama mimi. Ndululu ndiye aliyejitokeza. Aliinua mikono juu na kutangaza kwamba yeye, kwa niaba ya ukoo, anapokea, na anashukuru mgeni kwa kufuata mila katika siku hizi za watu wasio na adabu. Akashika kamba kwa mikono miwili. Nikaona: hata adui amesalimu amri.

Nikaanza kuhutubu. Kwa sababu ya makofi niliruka aya ya kwanza nikaingia moja kwa moja kwenye ya pili, inayohusu matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nilizungumza saa moja na robo.

Nyama. Ndululu alimchinja beberu mwenyewe, bila malipo. Majike wawili wakafungwa kando na kupewa majani. Niliuliza mbona hawachinjwi. Wazee wakacheka, wakanipiga bega, wakasema naona nina haraka. Kathini aliletewa kipande cha nyama ili anipe kwa mkono wake. Alikishika muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unajua unachofanya?" Nikamwambia nimekipanga tangu Alhamisi. Akanipa. Nikala. Vigelegele tena.

Nadhani chama ni changu.

Jumapili, 15 Februari

Si chama.

Tangu saa kumi na mbili asubuhi simu ya Mwanzia inalia. Hongera. Maua ya kuchorwa. Kikundi cha WhatsApp cha watu wa Kyalikini, chenye watu mia tatu na zaidi, kina video. Ninaonekana mimi kwa suti, na beberu mwenye waridi, na Kathini akinipa nyama. Chini yake Ndululu ameandika: "Karibu kwetu, shem."

Nilisoma neno hilo mara kadhaa. Kisha nikahesabu mbuzi kwenye video. Nilirudia na miwani.

Mwanzia alikuwa ananywa chai. Akasema polepole kwamba alijaribu kuniambia, lakini nilikuwa nimeanza kueleza. Nikamuuliza kwa nini alikubali kuwa shahidi. Akasema yeye alikuja kushika kamba. Nikamuuliza kama alikula. Akasema mguu.

Murunga amekuja kunipa pongezi. Amesema kwao ni ng'ombe, na kwamba sisi Wakamba tumerahisisha mambo vizuri sana.

Jumatatu, 16 Februari

Nimekwenda Kawangware kumaliza jambo hili kama watu wazima. Nilimweleza Kathini kwamba mbuzi walikuwa wanne, kwamba wa nne yuko jikoni kwa Sella huko Makina, na kwamba kisheria nia ndiyo hutazamwa. Alikoroga. Nikamwomba atangaze tu kwamba hakuna ndoa. Alikoroga.

Mwishowe akasema kwamba yeye amefiwa miaka minane sasa, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyekuja kwake na mbuzi, waridi na suti kwa siku moja. Jambo la uzito huo halijibiwi akiwa na wateja. Atajibu kwa wakati wake. Kisha akauliza kama naweza kuosha sufuria.

Niliosha mbili kubwa. Niliona ni sehemu ya mazungumzo.

Nilipokuwa naondoka nikakutana na Ndululu mbele ya bucha. Alinikumbatia mbele ya watu. Akasema, "Shem, hiyo katiba yako nimeisoma tena. Kifungu cha kumi na nne ni kizuri sana, hasa pale mwisho. Siku hizi sitaki kifutwe."

Sikumwelewa hadi nilipofika karibu na Makina.

"Au wa ndoa."

Jumatano, 18 Februari

Nduku hajanipigia. Amempigia Mwanzia. Jirani yetu ana kijana Mombasa, kijana ana simu kubwa, na video imezunguka Mombasa ikarudi Kitui. Mwanzia anasema hakupandisha sauti. Aliuliza mambo matatu: kama Kawangware kuna baridi, kama mbuzi wake majike wanapewa maji, na basi la asubuhi linafika saa ngapi.

Nimeandika barua ya maelezo ya kurasa sita, yenye michoro. Mchoro wa pili unaonyesha mbuzi wanne.

Alhamisi, 19 Februari

Nduku amefika. Hakuja Makina. Alikwenda moja kwa moja Kawangware na mfuko wake wa sisali.

Nilifuata kwa miguu, nikajiweka nyuma ya mama anayechoma mahindi, upande wa pili wa barabara, ili niingilie kati wakianza kupigana. Walisalimiana. Walikwenda pamoja kuwatazama majike. Nduku aliwashika masikio, akawakagua meno. Kisha wakaketi kwenye benchi, ungo kati yao, wakaanza kuchambua maharagwe. Nikangoja. Wakacheka. Nikadhani nimesikia vibaya. Wakacheka tena, safari hii Nduku akifuta macho kwa leso.

Miaka arobaini na moja ya ndoa. Mimi ninapomchekesha hivyo huwa nimeanguka.

Baadaye Kathini akapaza sauti bila kuinua kichwa: "Mwalimu, toka hapo, unamfukuzia huyo mama wateja." Nikavuka barabara. Nilianza barua yangu. Nduku alisema ameshasikia yote, isipokuwa jambo moja: ndengu. Amezipura peke yake siku nne, usiku anaota mgongo. Alitaka tu kujua kama kule mbali ninakotazama kunaonekana hilo.

Sikuwa na mchoro wa hilo.

Wakanipa sahani ya muthokoi. Nikala nikiwa katikati yao. Nduku analala kwa Kathini.

Jumapili, 22 Februari

Mkutano mkuu. Chama kilikodi darasa la chekechea Kawangware. Watu tisini kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Ukutani pameandikwa alfabeti. Nimekaa chini ya herufi M, kama Mwakilishi. Nikaona ni dalili njema.

Kathini alifungua mkutano. Ajenda moja: nani aungwe mkono.

Ndululu alisimama kwanza. Alisema yeye ni mtu mzima, anajua sheria imemwondoa, na hana kinyongo. Anaomba tu sheria isibague. Mwalimu ameleta ntheo kwa mwenyekiti. Basi Mwalimu ni jamaa wa ndoa, na kifungu ni cha Mwalimu mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, ambayo hakutaka yapunguzwe. Kisha akaketi, na kiti kikavunjika, lakini hoja yake ikabaki imesimama.

Nilijitetea. Nilieleza tofauti kati ya zawadi na mahari. Nilieleza historia ya ntheo tangu enzi za mababu. Mzee mmoja wa Riruta akauliza kwa upole: majike walikuwa wawili? Nikasema ndiyo, lakini. Akauliza: beberu mmoja? Ndiyo, lakini. Mashahidi? Mwanzia akainua mkono, na Murunga, ambaye si Mkamba wala mwanachama, alikuja tu kwa mapenzi yake, naye akainua. Nyama ililiwa? Darasa zima likasema ililiwa. Sauti moja nyuma ikaongeza kwamba ilikuwa tamu.

Mzee akamgeukia Kathini: mama amekubali au amekataa?

Hapo ndipo palipokuwa na maisha yangu yote, kwenye ncha ya ulimi wa mwanamke yule. Akisema amekataa, mimi si jamaa, na chama ni changu. Nilimtazama kwa macho ya kuomba. Nilikuwa nimeosha sufuria mbili.

Kathini alisema bado anafikiri.

Mzee akasema basi, mpaka afikiri, Mwalimu ni jamaa. Ikaandikwa. Nikaketi chini ya herufi M.

Waombaji wawili, wote nje. Watu wakaanza kulaumiana. Mmoja akasema tusimpeleke yeyote, kila mtu apige kura kivyake. Ndipo Nduku aliposimama. Sikujua yuko darasani. Alikuwa amekaa nyuma na mfuko wake wa sisali.

Alisema yeye si mwanachama, lakini kura yake iko nyumbani, na ndiko mvua inakoharibu barabara, huku Nairobi hamuioni. Alisema amekaa siku tatu kwenye kibanda na ameona mambo. Kila anayekuja kula anaulizwa kwa jina habari za mama yake, na mama huyo yuko Kyalikini, na mwenye kibanda anajua anaumwa wapi. Dunia mmeizunguka mkitafuta mtu anayejua watu wa huku na wa kule, na huyo mtu anawapakulia chakula kila siku. Alisema maneno machache tu. Hakueleza chochote. Akaketi.

Nilisimama haraka. Nikasema haiwezekani, kifungu cha kumi na nne. Mzee wa Riruta akauliza kama kifungu kinasema jamaa ya mwenyekiti. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mwenyekiti ni jamaa ya mwenyekiti. Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja ya ualimu, na tisa ya ndengu, sikuwa na maelezo.

Kathini alivua aproni. Alisema hakuwahi kulifikiria jambo hili kabla ya Alhamisi, na kwamba anaogopa. Lakini amezika watu wa Kyalikini miaka kumi na mmoja, na angependa kuwafanyia jambo wakiwa bado wanapumua. Akaweka kitabu cha chama mezani, akajiuzulu uenyekiti. Mikono ikapanda. Themanini na sita. Hata Ndululu, kutoka sakafuni.

Makofi yalipotulia, Kathini akasema sasa amemaliza kufikiri. Anamshukuru Mwalimu kwa heshima kubwa, lakini anakataa. Majike wawili anawarudisha kwa mwenyewe. Akamkabidhi Nduku kamba.

Nikaruka. Nikasema basi mimi si jamaa tena, na ninastahili kuungwa mkono. Mzee wa Riruta akatazama saa yake. Akasema kweli kabisa, ninastahili, tangu dakika moja iliyopita, na kura imepigwa dakika tano zilizopita.

Nimekataliwa mara mbili na mwanamke mmoja kabla ya chai. Nje, Nduku alikuwa ananingoja na mbuzi. Aliniambia basi la nyumbani linaondoka kesho saa tatu, na ameninunulia tiketi. Akanifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka tangu asubuhi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia.

Jumatatu, 23 Februari

Nduku ameondoka na basi la saa tatu. Majike wamesafiri kwa lori. Nilimwambia nitafuata keshokutwa, kuna kazi ndogo imebaki. Aliniangalia dirishani kwa muda mrefu. Akasema mbegu za mvua ijayo ataziandaa mwenyewe.

Nieleze. Nimelala nikayafikiria yote kwa utulivu, na nimeona ni wapi wengine walikosea. Kathini amejiuzulu. Kwa hiyo kiti cha mwenyekiti wa chama kiko wazi. Wote wanamtazama Kathini, hakuna anayekitazama kiti. Mimi nimekitazama. Mwenyekiti ndiye hupanga mabasi, na mwenye mabasi ana sauti kubwa kuliko mwakilishi yeyote. Uchaguzi wa kukijaza ni Jumapili ijayo.

Tatizo ni moja. Asubuhi Mwanzia amesikia kwamba Ndululu naye anakitaka, na supu imeanza tena.

Sikushtuka. Nilikaa kwenye benchi la useremala, nikachukua kalamu. Safari hii hakuna mapambo, hakuna maneno ya kupendeza. Kifungu kifupi, safi, chenye kulenga mtu mmoja. Nimemsomea Mwanzia. Aliacha kupiga randa. Alitaka kusema jambo, nikamwomba aniache nimalize kueleza, na nilipomaliza alikuwa ameinama kwenye mbao zake, mabega yakimtikisika, nadhani ni vumbi.

Nimekinakili mara tatu kwa wino wa bluu. Kesho nakipeleka Kawangware mwenyewe. Kifungu cha 15: Mtu yeyote aliyeomba kuungwa mkono na chama akakosa, asiwe mwenyekiti wake kamwe.

Nimekisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, na kutoka mwisho hadi mwanzo. Maskini Ndululu, hana pa kupitia.